Sukari Iliyo Ndani ya Tunda na Iliyotoka Nje

Mwanangu mpendwa,

Habari zimenifikia kwamba sukari nyeupe haiingii tena jikoni kwako, na mahali pake umeweka asali, sukari guru na juisi za boksi. Nia yako nimeipenda sana. Nyumba nyingi siku hizi zimeshika njia hiyo hiyo, na katika nyingi kati ya hizo kiasi cha sukari hakijapungua hata kijiko kimoja. Ndiyo sababu ya barua hii.

Watu huipanga sukari kwa rangi: nyeupe ya kiwandani ni mbaya, ya kahawia ni ya asili na haina neno. Mwili hauna habari na rangi hizo. Sukari ya mezani hutokana na muwa ule ule unaokamuliwa barabarani kwa ndimu na tangawizi. Kitaalamu ni sukrosi, yaani glukosi na fruktosi zilizoungana. Sukari guru ni maji ya muwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda bila kutenganishwa na molasi. Ina madini kidogo, lakini sehemu yake kubwa ni sukrosi ile ile. Anayetafuta madini ya chuma atayapata kwa wepesi zaidi kwenye maharage na dagaa. Asali nayo, hata ile nzuri ya Tabora, takriban asilimia 80 yake ni sukari, na kinachobaki karibu chote ni maji. Tena kwa kuwa ni nzito, kijiko cha chai cha asali hubeba sukari nyingi kuliko kijiko hicho hicho cha sukari yenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2015 halikugawa sukari kwa rangi wala kwa kiwanda. Liliweka kundi moja la sukari huru: inayoongezwa na kiwanda, mpishi au mlaji, pamoja na iliyomo kwenye asali, sharubati na juisi za matunda. Iliyomo ndani ya tunda zima, mboga na maziwa haikuhesabiwa humo. Sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Soda moja ya mililita 330 ina gramu 35 hivi. Na vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu vitatu, kama tunavyokunywa katika ukoo wetu, vinaimaliza hesabu yote kabla andazi halijaguswa.

Lakini kwa nini chungwa lipite na juisi yake ikamatwe?

Jibu lilitoka Bristol, Uingereza, katika utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 1977. Watu 10 wenye afya walipewa matufaha kwa namna tatu: mazima, yaliyopondwa, na juisi. Sukari na wanga vilikuwa sawa kila mara, gramu 60. Juisi ilinywewa kwa kasi mara 11 kuliko matufaha mazima yalivyoliwa, na ndiyo iliyoshibisha kidogo kuliko vyote. Sukari ya damu ilipanda karibu sawa kwa namna zote, ila baada ya juisi insulini ilipanda zaidi, kisha sukari ikaporomoka. Mtu ambaye sukari yake imeporomoka hivyo hurudi kutafuta kitu cha kutafuna. Kilichokuwa kimeondolewa ni nyuzinyuzi, na hoja kwamba nyuzinyuzi hulinda afya ina mizizi kwetu Afrika Mashariki: madaktari Denis Burkitt na Hugh Trowell, walioieneza, walitibu wagonjwa Uganda kwa miaka mingi na kuona jinsi maradhi waliyoyazoea Uingereza yalivyokuwa nadra huko.

Jambo hili linaonekana hata mezani. Glasi ya juisi hula machungwa matatu: yanakamuliwa, yanachujwa, makapi yanakwenda kwenye ndoo, na mara nyingi sukari inaongezwa juu yake. Inanywewa kwa mikupuo michache. Mtu yule yule akikaa kibarazani na kisu, amenye chungwa, ale nyama na nyuzi zake, akifika la tatu mara nyingi huwa ameshatosheka. Mwaka 2013 watafiti waliofuatilia zaidi ya watu 187,000 nchini Marekani waliona mwelekeo huo kwa upande wa maradhi: matunda mazima, hasa zabibu na matufaha, yaliendana na uwezekano mdogo wa kupata kisukari cha aina ya pili, na juisi iliendana na uwezekano mkubwa zaidi.

Tunda nalo lina kiasi chake. Tende kavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, kwa hiyo chache za kufuturia zinatosha, na mwenye kisukari hana budi kupanga matunda yake na daktari.

Dukani, soma orodha ya viambato. Kinachotajwa mwanzo ndicho kizito kuliko vingine, na sukari hujificha kwa majina ya glukosi, sirapu na juisi iliyokolezwa, hata kwenye mtindi na tomato sosi.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike haraka. Mjukuu wetu asionjeshwe asali, hata tone, mpaka atimize mwaka mmoja. Asali yaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulinamu. Mkubwa hazimdhuru, lakini katika utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Akishaanza kula, mpondee embe bivu au ndizi kwa uma. Na ile chupa ya asali, tafadhali, iondoe leo karibu na vyombo vyake.

Shangazi yako