Nyeupe ao krimu? Safari ya Goma kwa mdogo wangu



Juma lililopita nilipanda boti Bukavu, nikavuka Ziwa Kivu mpaka Goma, kumsaidia mdogo wangu kupaka rangi nyumba yake. Ile ya kwanza, ya Buhene, ilifunikwa na lava ya Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021. Sasa amejenga ya mbao, vyumba viwili, juu ya mawe meusi yale yale.

Fedha za likelemba zilitosha ndoo moja tu. Kule Birere muuzaji alitufungulia mbili: nyeupe kabisa, na krimu, yaani nyeupe yenye umanjano kidogo. Pale juani mimi sikuona tofauti. Nikasema, "Chukua nyeupe, nyumba ya mbao ina giza." Mdogo wangu hakutaka haraka. Alinunua kikopo kidogo cha kila moja.

Nyumbani tulipaka vipande viwili vya mbao, tukaviacha vikauke, maana rangi mbichi inadanganya. Kisha tukavisimamisha ukutani, kimoja kando ya kingine. Ukiangalia kimoja peke yake, jicho linazoea, linasema tu ni nyeupe.

Asubuhi, karibu na dirisha, nyeupe iling'aa kushinda. Nikafurahi. Mchana, kivuli kilipoingia, ikawa ya baridi, kama ina ubuluu. Jioni, chini ya taa, krimu ilifanana na maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Na watoto walipovigusa kwa mikono yenye vumbi jeusi, alama zilionekana zaidi kwenye nyeupe.

Hata hivyo nilishikilia neno langu, kwa ajili ya mwangaza. Ndipo akaniambia: "Yaya, ni kweli. Lakini nyumba ilipoungua tulilala chini ya shitingi nyeupe. Kila asubuhi nilifungua macho, nikaiona. Sitaki watoto waamke tena ndani ya rangi ile."

Nikanyamaza. Tukarudi Birere, tukanunua ndoo ya krimu. Nyeupe iliyobaki kikoponi tuliipaka kwenye fremu ya dirisha tu, ili isaidie kurudisha mwanga chumbani.

Wamama, rangi msiichagulie dukani. Ipelekeni chumbani, muitazame asubuhi, mchana na jioni. Kisha muulizeni yule atakayelala humo. Mimi nilisahau kumuuliza.