Kharumwa: Pongo Hapimwi kwa Risasi ya Ndege

Ukipata likizo ukashika njia ya Kharumwa, kusini-mashariki mwa mji wa Geita, utaikuta nchi iliyobadilika. Tangu 2012 Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale. Mashamba, ng'ombe na mashimo ya dhahabu vimechukua mahali pa vichaka vingi. Lakini Usukumani uwindaji una heshima yake ya zamani. Hata wawinda nungunungu wana chama chao cha ngoma, Banunguli. Basi ukikaribishwa kuketi na wazee, waulize habari za pongo.

Pongo hujificha kichakani. Dume lake huweza kufikia kilo 60, na akijeruhiwa huweza kumgeukia mwindaji kwa pembe. Ndiyo maana uchaguzi wa risasi si jambo la mzaha.

Jicho hudanganya hapa. Risasi ya .22, ifaayo kwa kanga na sungura, ina upana wa milimita 5.7 hivi. Ile ya .243 ina milimita 6.2. Tofauti ni nusu milimita tu! Lakini ya kwanza ina uzito wa gramu 2.6 hivi na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 330 kwa sekunde. Ya pili ina gramu 6.5 na mwendo wa mita 900. Nguvu yake ni zaidi ya mara kumi na tano.

Umbo nalo lina kazi. Risasi ngumu huweza kupenya na kutoka upande wa pili bila kumwangusha mnyama upesi. Yenye ncha laini hutanuka mwilini. Nayo ilengwe nyuma ya bega, penye moyo na mapafu.

Pongo aliyepigwa kwa risasi dhaifu hukimbia na jeraha, akafia mbali. Nyama huliwa na fisi, mwindaji akatafuta mwingine. Hivyo wawili hupotea kwa kitoweo cha mmoja.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila leseni. Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere aliahidi kwamba wajukuu wetu watarithi wanyama hawa. Asiye na leseni, wala risasi ifaayo, na aiache bunduki ukutani.