Zizi la Zamani Kando ya Njia ya Kasenga

Mtu atokaye Lubumbashi kwa njia ya Kasenga hufuatana na nyumba kwa muda mrefu kabla ya kuona shamba. Mji huu ulipoanzishwa mwaka 1910, ukiitwa Élisabethville, wafanyakazi wa migodi ya shaba walihitaji chakula, na pembeni mwake yakafunguliwa mashamba. Sisi tulikwenda kutazama zizi moja la matofali ya kuchoma, yaliyofinyangwa kwa udongo wa kichuguu kama ilivyo desturi ya nchi hii.

Mwenye shamba, mzee mpole, alitupokea mlangoni. Ng'ombe hawamo tena. Wanawe wawili wamemwambia, "Baba, tuuze viwanja, tugawane fedha." Binti yake ataka zizi ligawanywe kuwa makao manne, watu wa mjini waje kupumzika siku za likizo. Mzee alikuwa hajaamua.

Tulilizunguka pamoja na fundi. Kuta ni nene na zimesimama wima, lakini chini zimetoa unga mweupe: ni chumvi ya mkojo wa ng'ombe iliyopenya kwa miaka mingi. Fundi alituonya kwamba ukuta huo ukifunikwa kwa saruji, unyevu hufungwa ndani na lipu hubanduka. Yafaa kubandua lipu mbovu, kuuacha ukuta ukauke, kisha kupaka chokaa, kwa maana chokaa huuacha ukuta upumue. Boriti nazo zichunguzwe, zisije zikawa zimeliwa na mchwa. Na paa litengenezwe kabla ya mvua za Novemba.

Je, kazi ya namna hii imepata kufanikiwa? Naam. Huko Karatu, Tanzania, karibu na msitu wa Ngorongoro, liko shamba la kahawa liitwalo Gibb's Farm. Nyumba yake ya kale ilijengwa mwaka 1929. James Gibb alilinunua shamba mwaka 1948, na mwaka 1972 wageni wakaanza kupokewa. Hata hivyo kahawa haikuachwa, na bustani ya mboga hulisha meza ya wageni.

Basi tulimwambia mzee neno hili: "Baba, mgeni hatakuja kwa ajili ya kuta peke yake. Ukiuza viwanja, zizi litabaki katikati ya nyumba, na hakuna atokaye mjini ili apumzike mjini. Ukitaka makao ya wageni, lilinde shamba kwanza."

Mzee alinyamaza. Kisha alitukaribisha mezani, tukala bukari na matembele yaliyochumwa asubuhi ile nyuma ya zizi. Tulipokuwa tukinawa mikono, alimwita binti yake, akasema, "Waite kaka zako waje Jumapili. Nao wale hapa kwanza, ndipo tuzungumze habari za viwanja."