Unajua, Kocha Alituambia

Kuna neno moja ambalo Rafael Nadal hakuachana nalo katika Kiingereza chake: "no?" Ukisoma nukuu za mikutano yake na waandishi wa habari utalikuta mwishoni mwa jibu baada ya jibu. Awe amezungumzia upepo, goti lake au mpinzani wake, sentensi iliishia hapo. Mgeni angedhani anaulizwa swali. Nadal hakuwa anauliza.

Alizaliwa Manacor, kisiwani Mallorca, akakua na Kikatalani cha huko pamoja na Kihispania. Katika lugha zote mbili, "no?" ya mwisho wa sentensi inafanya kazi ambayo sisi tunaipa "eti?" au "sivyo?": inamshika msikilizaji mkono, inahakikisha bado mko pamoja. Kiingereza nacho kina kitu cha namna hiyo, ila kimekigawa vipande vipande: isn't it, doesn't he, haven't we, weren't they. Ili upate kipande sahihi lazima ukumbuke kitenzi ulichoanza nacho, wakati wake na nafsi yake, kisha ukigeuze. Hayo yote uyafanye ukiwa umetoka kukimbizana na mpira kwa saa tatu, jasho halijakauka, kamera ziko usoni. Nadal alitwaa Roland Garros mara 14, ya kwanza mwaka 2005 na ya mwisho 2022, na miaka yote hiyo aliulizwa maswali kwa lugha ya watu wengine. "No?" moja ilimtosha.

Ninasoma shahada ya uzamili ya isimu, na siku hizi nashinda na hedfoni masikioni nikisikiliza vitu vya namna hii: vineno ambavyo watu wanaviita vya kujazia. Kwenye Formula 1 kuna "for sure". Dereva anaulizwa kuhusu matairi, anaanza: for sure. Anaulizwa kuhusu mbio zijazo: for sure. Mwitaliano ana "sicuramente" yake, Mfaransa ana "c'est sûr", Mjerumani ana "sicher", Mhispania ana "seguro". Kila mmoja alikuja na lake kutoka kwao, wakakutana kwenye maneno mawili mepesi ya Kiingereza. Kinachochekesha ni kwamba mara nyingi "for sure" hiyo inatangulia jambo ambalo dereva hana uhakika nalo hata kidogo.

Vineno hivi vina sababu. Watafiti wa mazungumzo wamepima muda unaopita kati ya mtu mmoja kunyamaza na mwenzake kuanza kujibu, wakakuta wastani wake ni kama milisekunde 200. Lakini kuandaa neno moja tu, mathalani kutaja kitu unachokiona kwenye picha, huchukua kama milisekunde 600. Maana yake hata katika lugha ya mama tunaanza kupika jibu kabla mwenzetu hajamaliza swali. Kwa anayezungumza lugha ya pili au ya tatu mapishi yanachelewa zaidi, ila subira ya msikilizaji haiongezeki. Mwaka 2002 Herbert Clark na Jean Fox Tree walitoa hoja kwamba "uh" na "um" za Kiingereza ni maneno kamili: la kwanza linatangaza kwamba msemaji atachelewa kidogo, la pili kwamba atachelewa zaidi. Anayenyamaza ananyang'anywa zamu yake. Mwenye kineno anaishikilia.

Na vineno hivi vinasafiri kuliko tunavyodhani. Chukua "yaani" yetu, ambayo Mswahili akinyimwa kwa siku moja sijui ataongeaje. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya "inamaanisha". Waturuki wanayo, Waajemi wanayo, ukienda kwa wasemaji wa Kihindi na Kiurdu utaikuta pia. Hakuna anayemwambia Mswahili kwamba "yaani" yake ni Kiarabu kibovu. Imekaa muda wa kutosha, imekuwa ya kwetu.

Mwenye bahati mbaya ni yule ambaye kineno chake bado hakijakaa muda wa kutosha.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anacheza mpira daraja la pili katika nchi moja ya Ghuba. Misimu miwili iliyopita, baada ya mechi waliyofungwa, aliwekewa maikrofoni akajibu kwa Kiingereza kwa dakika moja na sekunde 48. Klipu ikafika nyumbani kabla yeye hajafika hotelini. Mtu alikuwa ameikatakata, akaacha "you know" peke yake zikifuatana, akaziwekea mdundo. Maoni unaweza kuyabuni. Anajifanya Mmarekani. Shule alikimbia. Apige mpira, yai awaachie wenyewe. Klipu ikaingia mpaka kwenye kundi la familia. Mama mkubwa, ambaye Kiingereza hakijui, akauliza kwa ujumbe wa sauti: "Kwani kasema nini kibaya?" Hakuna aliyemjibu.

Tangu siku hiyo Kaka hajashika maikrofoni. Msimu uliofuata kocha alitaka kumpa unahodha msaidizi. Alikataa, kwa kuwa nahodha ndiye anayeitwa kuongea na waandishi.

Mwaka huu nilimwomba ruhusa niitumie ile klipu, nzima, katika tasnifu yangu. Alikaa siku tatu bila kujibu, kisha akaandika: "Fanya tu, imeshaharibika." Nikaisikiliza mara nyingi kuliko wote waliomcheka. Kuna "you know" 17. Kumi na mbili zimekaa mwanzoni kabisa mwa sentensi, na hapo ndipo penye habari. Wenye Kiingereza chao hupenda kuitupia "you know" katikati au mwishoni. Kaka anafungua nayo, tena kila anapotaka kutoa sababu: you know, the coach he told us. Hiyo ni "unajua" yetu. Unajua, kocha alituambia. Unajua bwana, uwanja ulikuwa unateleza. Ndivyo tunavyofungua maelezo kwetu, barazani na kwenye daladala. Waliosema anajifanya Mmarekani walikuwa wanasikiliza Kiswahili kitupu, kimevaa shati la Kiingereza.

Kwa nini basi kicheko kilikuwa kikubwa kiasi kile? Unai Emery alipokuwa Arsenal, mashabiki waliichezea sana salamu yake ya jioni, kwa kuwa aliitamka "ebening", kama Mhispania yeyote ambaye kwake v na b ni sauti moja. Baadaye alisema mwenyewe kwamba salamu ileile ilikuwa kichekesho alipokuwa anashinda, ikageuka aibu alipoanza kufungwa. Alifukuzwa Novemba 2019. Mwaka 2021 akaipa Villarreal kombe la Europa League, na sasa yuko Aston Villa. Siku ile Kaka naye alikuwa amefungwa mabao matatu.

Lakini kwetu kuna la ziada. Mimi na Kaka tulisoma shule za serikali. Hadi darasa la saba masomo yalikuwa kwa Kiswahili; kidato cha kwanza mwalimu akaingia na Biolojia kwa Kiingereza. Ninachokumbuka zaidi mwaka ule ni ukimya. Watu niliowajua kwa mdomo mrefu kule shule ya msingi walikaa kama wageni msibani. Waliotoka salama ni wale waliokubali kujikongoja mbele ya wenzao, wakashika vineno kama mkongojo, wakasonga. Kumcheka mtu kwa mkongojo wake ni kumwambia arudi akakae. Wengi walirudi wakakaa, na hadi leo wakiwa kwenye usaili wa kazi wanajua jibu lakini hawalisemi.

Magazeti yenye huruma humsafishia mchezaji maneno yake: hufuta vineno vyote, yakachapa sentensi zilizonyooka. Nauona wema huo, ila nauona pia unavyoficha kazi. Ukifuta "no?" zote za Nadal unabaki na mtu ambaye Kiingereza hakikumgharimu chochote. Wenye dhihaka nao huviacha vineno na kufuta kila kitu kingine. Katika tasnifu sikutaka lolote kati ya hayo. Msimamizi wangu aliponiuliza kama nitazisafisha nukuu, nilimwambia kila "you know" itabaki mahali pake, chini yake nitaandika "unajua", na kimya kitapimwa kwa sekunde.

Nilimtumia Kaka ukurasa mmoja auone kabla haujaenda mbali. Kuna sehemu anaulizwa kuhusu mwenzake aliyetolewa kwa machela dakika ya 60. Anasema "you know", kimya cha sekunde 1.4, "you know" tena, ndipo anataja jina. Pembeni nilikuwa nimeandika: anatafuta neno, na alama ya kuuliza.

Jibu lake lilikuja usiku, ujumbe wa sauti, nyuma yake kuna feni inalia.

"Hapo sikuwa natafuta Kiingereza," alisema. "Unajua, mama yake huwa anaangalia mechi zetu zote. Nilikuwa nafikiria kama nimtaje, au nimwache kwanza apigiwe simu."

Nimeifuta ile alama ya kuuliza, na maneno yaliyokuwa mbele yake. Mahali pake nimeandika alichoniambia, kwa Kiswahili, kama alivyokisema, na "unajua" yake.