Meza ya Rafiki Yetu

Leo twataka kuwasimulia habari ya chakula cha jioni moja. Msicheke mkisema: "Katekista amekosa neno la kuandika, sasa aandika habari za tumbo!" Someni kwanza hata mwisho.

Tuna rafiki mmoja hapa Lubumbashi. Tulikuwa naye katika seminari ndogo, tukilala katika bweni moja na kugawana sabuni moja. Yeye alitoka mapema. Sisi tuliendelea miaka michache, kisha nasi tukatoka, tukapewa kazi ya ukatekista. Rafiki yetu alipata kazi ya jikoni kwa Mwitalia mmoja mzee, fundi wa majengo. Alimpikia miaka kumi na miwili, na mzee yule akamfundisha vyakula vya kwao kimoja kimoja, mpaka siku aliporudi Ulaya.

Miaka miwili iliyopita rafiki yetu alitujia na shauri. Alitaka kufungua restora ya chakula cha Kiitalia, akaomba tumkopeshe fedha kidogo. Hatukumpa. Kama tungalisema tu, "Ndugu, hatuna," isingalikuwa kosa. Lakini sisi tulimhubiria: "Watu wa hapa wanakula bukari. Nani atatoa franka zake kununua makaroni?" Tena tuliyarudia maneno hayo mbele ya shemeji yake, ili kuchekesha watu. Shemeji huyo alikuwa amekwisha kuahidi fedha. Aliposikia, akafunga mkono. Rafiki yetu akauza pikipiki yake. Kwetu hakusema neno. Tulisalimiana siku ya Dominika baada ya Misa, basi, yakaisha hapo.

Mwezi uliopita akatuita: "Mwalimu, restora imefunguliwa. Njoo na mama wa watoto." Tulikwenda, lakini miguu ilikuwa mizito.

Tulikuta chumba kimoja chenye meza sita, kuta zimepakwa chokaa, vitambaa vyeupe mezani. Meza mbili tu zilikuwa na watu. Tukaketi, tukafanya ishara ya msalaba, na chakula kikaanza kuja.

Kwanza vililetwa vipande vya mkate vilivyochomwa, vimesuguliwa kitunguu saumu, juu yake nyanya na mafuta ya zeituni. Rafiki yetu akasema: "Hiki chaitwa antipasto." Kilatini cha seminari kilitusaidia: ante maana yake kabla, na pastus ni chakula. Lakini akili yetu haikutuonya kwamba kitu kiitwacho "kabla ya chakula" si chakula chenyewe. Tukavila vyote.

Kisha akaleta tagliatelle, ndizo tepe ndefu za unga wa ngano na mayai. Alizikanda mwenyewe asubuhi, yai moja kwa kila gramu 100 za unga. Mjini Bologna, ndiko asili yake, watu wana bidii nazo mno: mwaka 1972 walikwenda kuandikisha upana wake katika ofisi ya wafanya biashara, kwamba tepe ikiisha kupikwa iwe milimita 8. Tena hazipikwi mpaka zilainike kama uji. Waitalia hutaka ziushindane kidogo na jino. Juu yake alimwaga mchuzi wa nyama ya kusaga, uliokaa motoni saa nyingi. Lo! Tulikula kama mtu aliyetoka safari, tukaomba nyongeza. Mama wa watoto alitufinya chini ya meza: "Baba, kula polepole." Hatukumsikia. Tulipomaliza tukajifuta midomo, tukashukuru, tukatafuta kofia yetu.

Rafiki yetu akacheka. "Mwalimu, unakwenda wapi? Hicho kinaitwa primo, maana yake cha kwanza. Sasa ndipo linakuja la pili."

La pili lilikuwa kuku wa mwindaji, aliyepikwa taratibu na nyanya, vitunguu na divai. Kando yake palikuwa na lengalenga kwa mafuta na limau, maana kwao mboga huja katika sahani yake. Na katikati ya meza, juu ya ubao, aliweka kitu cha manjano chenye mvuke. Tukatazamana na mama wa watoto. Kumbe ni bukari!

"Yaitwa polenta," akasema. Mahindi yalitoka Amerika, yakafika kwao kama yalivyofika kwetu. Huko Italia ya kaskazini husonga unga wake kwa mwiko, muda wa saa nzima hivi, na tangu zamani hutumia chungu cha shaba. Sisi wa Katanga tunaokaa juu ya shaba, twasonga katika alumini! Waitalia wa kusini huwacheka ndugu zao wa kaskazini wakiwaita "polentoni", yaani wala-polenta. Lakini haikuwa mambo ya kucheka sikuzote. Katika karne ya 18 na ya 19 maskini wengi wa kaskazini waliila peke yake, asubuhi na jioni, mpaka wakapatwa na ugonjwa uitwao pelagra. Ngozi iliharibika, na wengine akili ilipotea. Mahindi peke yake hayatoshi kuutunza mwili. Yataka wenzake mezani.

Tulikuwa tungali twasikiliza, na umeme ukakatika. Jikoni hapakuwa na hasara, kwa sababu kuku na polenta alivipika juu ya mbabula, kwa makala. Rafiki yetu akawasha mshumaa, na kwa kuwa wageni wengine walikuwa wamekwisha kuhudumiwa, akavuta kiti, akaketi nasi. Kati ya sahani moja na nyingine kulikuwa na nafasi, na hatukuwa na cha kutia kinywani. Ndipo neno lililokaa kooni miaka miwili likapata njia.

Tukasema: "Ndugu, maneno yale tuliyosema kwa shemeji yako..."

"Niliyasikia, Mwalimu. Aliniambia siku ile ile."

"Ulikasirika?"

"Mwaka mzima."

"Basi, kwa nini umetuita?"

Akautazama mshumaa. "Ulisema hakuna mtu atakayekula. Nilitaka nikuone ukila. Na wewe umeomba nyongeza!" Mama wa watoto akacheka mpaka machozi, nasi tukacheka, lakini sisi machozi yetu hayakuwa ya kicheko tu. Tukamwomba msamaha wazi, pasipo mahubiri. Akatupa mkono. Halafu akatuambia shida yake: kodi ya nyumba yaja mwisho wa mwezi, na meza sita hazijajaa hata siku moja.

Baadaye alileta panna cotta, chakula kitamu cha Piemonte, ndiyo krimu ya maziwa iliyopikwa na kugandishwa. Yeye aliimwagia maji ya embe. Mwisho kahawa ya Kivu, katika kikombe kidogo kama ganda la yai. Tulipotazama saa, tulikuwa tumeketi saa mbili na nusu. Tangu arusi yetu hatujaongea na mama wa watoto muda mrefu hivyo tukiwa mezani.

Rafiki yetu hakutaka malipo. Tukamwambia: "Ndugu, umetukaribisha kwa moyo, lakini restora ni kazi yako." Tukalipa. Kesho yake tulikwenda kwa shemeji yake, maana neno lililoharibu halirudishwi kwa kuomba msamaha peke yake. Tulimwambia: "Tulikudanganya. Nenda ukale mwenyewe, kisha uamue." Kama atatoa fedha au hatatoa, hatujui. Lakini Jumamosi alionekana pale, pamoja na mke wake na watu wanne.

Nyumbani hatuna kuku wa mwindaji. Lakini Dominika iliyopita mama wa watoto aliweka kwanza karanga za kuchoma, tukazila tukiongea. Kisha bukari na sombe. Kisha maembe. Watoto waliuliza: "Baba, bado kuna kingine?" Chakula kilikuwa kile kile cha siku zote, muda ndio ulioongezeka, na mtoto wetu wa pili, asiyesema sana, alitusimulia habari ya shule tusiyoijua.

Wasomaji wapenzi, wahenga walisema: haraka haraka haina baraka. Twadhani meza nayo ni hivyo. Mwenye neno na ndugu yake amwite kula, wala asilete sahani zote mara moja.