Rangi ya Baiskeli na Vumbi la Same

Upepo wa Same haupigi hodi. Unashuka kutoka milima ya Upare, unapita stendi ya mabasi, na vumbi lake ni adui wa mchoraji: rangi ya mafuta huchelewa kukauka, na chembe ikishatua juu ya herufi mbichi haitoki tena.

Ndiyo maana fundi mmoja wa mabango, kando ya barabara ya Dar es Salaam hadi Arusha, alianza kazi alfajiri. Kijana aliyemshikia kopo kabla ya kwenda shule, leo mtu mzima anayeishi kwa brashi, anakumbuka utaratibu wake: uzi uliopakwa chaki kunyoosha mstari, kisha herufi, mwisho kivuli chekundu ubavuni mwa kila herufi. Bucha ilipata kichwa cha ng'ombe, saluni ikapata mwanamke aliyesuka.

Nyumbani mama alimpokea na madoa ya rangi kwenye shati la shule. "Mwanangu, rangi italiwa?"

Fundi alikuwa na jibu lake: Edward Saidi Tingatinga. Mzaliwa huyo wa Tunduru alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akawa mtumishi wa nyumbani Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na picha zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne tu! Lakini alikuwa amekwisha wafundisha jamaa zake, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo wake wakaunda ushirika.

Kwa mtoto wa Same, anayeyajua mashamba ya mkonge ya Makanya, habari hiyo haikuwa ya mbali.

Baadaye zikaja mashine za kuchapa mabango. Mteja akawa analeta picha kwenye simu na kuondoka na bango lake siku hiyohiyo. Fundi akabaki na kazi chache, na kijana naye akahamia kwenye hadibodi. Hakuiga chui na ndege wa Tingatinga. Alichora vya kwao, mabasi ya usiku na kina mama wenye viroba vya tangawizi kutoka Mamba Miamba. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu sana, akilipia rangi kwa vibarua.

Bado huchora alfajiri. Upepo ukianza, mama yake ndiye anayewahi kufunga dirisha.