Kafa Ulaya

Zamani, kabla neno mitumba halijatapakaa nchi nzima, nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine ng'ambo kisha zikaletwa kwetu tuliziita kafa Ulaya. Lilikuwa jina la mzaha, na kama mizaha mingi lilikuwa na hadithi ndani yake: mwenye koti amekufa huko kwao, ndugu zake wameona haya kulitupa, na sasa koti limefika Kigoma kutafuta bwana mwingine. Waganda walisema mivumba. Wanyarwanda wakasema caguwa, neno walilolitoa katika kuchagua kwetu. Hayo ni majina ya furushi na ya kazi ya kupekua, lakini hilo letu ni jina la msiba. Nimelifikiria sana, kwa sababu naona lilifanya kazi kubwa kuliko kuchekesha. Maiti hadai. Ukishasema kwamba mwenye mali amekufa, umekwisha kujipa ruhusa.

Nguo zenyewe zilitufikia kwa treni kutoka Dar es Salaam, kwa reli ile ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Katika miaka ya 1990 robota la kilo 45 lilishushwa stesheni, likapandishwa kilima hadi soko la Mwanga, likakatwa kamba mbele ya wateja waliodamka alfajiri. Mwenye robota alikuwa hajui kilichomo. Aliambiwa tu kwamba ni makoti, au ni nguo za watoto, akalipa, akamwachia Mungu. Robota moja lilimwezesha kuezeka nyumba, na jingine likamwachia matambara ya kupigia deki. Asiyeijua hatari hiyo asifanye haraka kusema nani kamdhulumu nani katika biashara hii.

Aliyenifundisha kulitazama jambo hili alikuwa fundi cherehani mmoja wa Ujiji, mzee mpole aliyeshonea barazani kwake. Kazi yake kubwa ilikuwa kupunguza. Makoti ya Ulaya yameshonewa mabega ambayo sisi wengi hatukujaliwa, na kupunguza koti ni kulifumua; naye alifumuaye ndiye akutanaye na yaliyojificha. Muuzaji hupekua mifuko, na mnunuzi huipekua tena akifika nyumbani, lakini kitu kikipenya tundu la mfuko kikashuka kati ya kitambaa na bitana, hakuna akionaye ila fundi. Mzee alikuwa na kopo la maziwa ya unga alimotunza vitu hivyo: tiketi za tramu, funguo ndogo, vifungo, sarafu. Kila kimoja alikiviringisha katika karatasi yenye jina la mteja, akakikabidhi siku ya kuchukua nguo. Wateja wengi walicheka, wakawapa watoto zile sarafu wachezee. (Hata hapo walifanya haraka. Lira ya Italia haibadilishwi tena tangu Desemba 2011, lakini mark ya Ujerumani ingali inapokewa na Benki Kuu ya nchi hiyo na kubadilishwa kuwa euro, bila tarehe ya mwisho. Si kila kilichotoka Ulaya kimekufa.)

Mwaka 1997 nilihamishiwa Kasulu, ambako kuna baridi ya milimani, nikanunua koti zito Mwanga kwa shilingi 2,500 na kumpelekea Mzee. Siku nilipokwenda kulichukua alinipa karatasi yake, na ndani mlikuwa na pete. Ilikuwa pete ya kiume, pana, yenye muhuri wa 585, ambao sonara yeyote atakuambia ni alama ya dhahabu ya karati 14. Upande wa ndani palichongwa jina la mwanamke na tarehe ya mwezi wa tano mwaka 1966.

"Huyu bwana labda amekwisha kufa," nilisema.

"Labda," Mzee akajibu. "Au labda mpaka leo anavuta makabati kutoka ukutani akiitafuta."

Jina lile lilinisumbua. Sarafu haina mwenyewe, lakini pete yenye jina la mke wa mtu ina mwenyewe hata ikikaa bara jingine. Nikaipeleka kwa mama aliyeniuzia koti, nikidhani nampelekea haki yake. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu thamani yake ilizidi ya makoti yake yote yaliyobaki pale chini.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimekuuzia koti na vilivyomo. Nikichukua hii, kesho usiku sitalala."

Hapo nilikumbuka kisa wanachokijua vizuri wazee wa Ujiji, kwa kuwa kimo katika hadithi za Mtume zilizokusanywa na Bukhari. Mtu alinunua shamba, akachimbua mtungi wa dhahabu, akaurudisha kwa muuzaji akisema kwamba alinunua ardhi, hakununua dhahabu. Muuzaji akakataa, kwamba aliuza ardhi pamoja na kilichomo. Wakaenda kwa mwamuzi, naye akawauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na mvulana, mwingine msichana. Akaamuru waozeshwe na dhahabu itumiwe kwao. Nakipenda kisa hicho, lakini mwamuzi yule alipata bahati ambayo sisi hatukuipata. Alikuwa na kijana wa kuoza, na wote wenye dai walisimama mbele yake. Sisi tulikuwa na mdai wa tatu, naye alikuwa Ujerumani, kama si kaburini.

Sheria ya nchi ingetuachilia. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 258 kinachoeleza maana ya wizi, haimhesabu kuwa mdanganyifu mtu aliyejitwalia kitu kilichopotea, ikiwa wakati huo hakumjua mwenyewe na aliamini kwa sababu za maana kwamba hawezi kupatikana. Zingatia maneno hayo, ndugu msomaji: kwa sababu za maana. Haitoshi kuamini. Na sisi tulikuwa nazo sababu hizo. Robota halina anwani, na jina moja la mwanamke bila la ukoo haliwezi kutafutwa katika taifa zima. Basi nilimsihi yule mama aichukue, kwa hoja moja tu: yeye ndiye aliyenunua gizani. Robota lililotangulia lilimtoka na nusu yake imeliwa na ukungu, na hakuna mteja aliyekwenda kumchangia hasara. Mimi koti langu nililijaribu mwilini kabla ya kulipa. Akaichukua baada ya siku 3 za kufikiri, akaiuza kwa sonara, akamtumia Mzee sehemu, na mimi nikaletewa migebuka minne iliyobanikwa. Naona hata leo kwamba iligawanywa sawasawa.

Lakini naogopa kisa hicho kikisimuliwa peke yake, kwa sababu ni chepesi. Pale kwetu Ujiji pana kingine kizito zaidi. Wageni huletwa kwenye mnara wa Livingstone, kando ya miembe, kuambiwa habari ya Stanley na salamu yake. Mimi huona kwamba jambo kubwa zaidi lilitokea siku chache kabla ya salamu hiyo. Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema tarehe 23 Oktoba 1871, amekonda, anatembea kwa kutegemea shehena ya nguo na shanga aliyopelekewa kutoka Unguja. Hakuikuta. Mtu aliyekabidhiwa, jina lake Sherif, alikuwa ameiuza yote kwa rafiki zake kwa bei ya kutupa. Na kwa maelezo ya Livingstone mwenyewe, katika shajara zilizochapishwa mwaka 1874, baada ya kifo chake cha kweli, Sherif alikuwa amepiga ramli kwa msahafu ikamwonyesha kwamba mzungu amekufa. Akaandika na barua Unyanyembe kwamba alituma watu Manyema wakarudi na habari ya kifo hicho. Kisha, mwenye mali alipotokea njiani yuko hai, Sherif alikwenda kumpa mkono, akaudhika ulipokataliwa.

Haikuwa mara ya kwanza Livingstone kuuawa kwa maneno. Desemba 1866 wapagazi waliomtoroka walifika Unguja na habari kwamba ameuawa, na ikabidi mwaka uliofuata itumwe safari nzima kugundua kwamba ni uongo.

Sherif simshangai sana. Wezi wamekuwapo na watakuwapo. Ninaowafikiria ni wale rafiki zake walionunua. Walijua nguo zile ni za nani, maana katika mji mdogo shehena ya mzungu haijifichi. Walijua bei si bei. Lakini waliambiwa kwamba amekufa, na hakuna aliyetaka kuuliza zaidi, kwa sababu swali lingepandisha bei. Katika mji huo huo, miongoni mwa Waarabu hao hao, alikuwapo Said bin Majid, aliyekwenda kwa Livingstone bila kuitwa, akajitolea kuuza pembe zake za ndovu ili ampatie bidhaa. Kwa hiyo asitokee mtu kuniambia kwamba ndivyo zama zilivyokuwa.

Mimi nimeishi kuyaona mambo hayo yakirudi. Oktoba 1996 vita ilizuka upande wa pili wa ziwa, katika nchi iliyokuwa ikiitwa bado Zaire, na watu wa Uvira, Baraka na Fizi wakaanza kuvuka. Mashua zilifika Kibirizi zimejaa hadi maji yanalamba ukingo. Watu walishuka na vitu walivyoweza kunyakua: redio, baiskeli, masufuria, vitenge ambavyo hata lebo havijabanduliwa. Walihitaji chakula siku hiyo hiyo, na siku hiyo hiyo mwalo ukageuka soko. Kitenge kilichouzwa Mwanga kwa elfu kadhaa kilipatikana kwa bei ya sahani ya ugali na dagaa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," watu walisema wakicheka, na sidhani kama methali ile iliwahi kutumiwa vibaya namna ile. Ulipowauliza walikujibu kwamba vitu vyenyewe huenda ni vya wizi, au wenyewe wamekwisha kufa vitani huko. Ilikuwa kafa Ulaya ileile, safari hii ya kilomita chache tu za maji.

Mzee alikuwapo mwaloni siku mojawapo, na mimi nilikuwa naye. Mwanamke mmoja alikuwa amekalia cherehani, kichwa chake chake mwenyewe bila meza, amekifunga kwa kanga. Alitaka shilingi 15,000. Mzee alizungusha gurudumu, akasikiliza, akatoa 20,000, zilizokuwa zote alizokuwa nazo.

"Mama, cherehani hiki si cha bei hii," akasema. "Kinafika 60,000."

"Papa, unipe tu ile uko nayo," yule mama akajibu.

Akamwuliza jina na kijiji, akaandika katika daftari lake la vipimo: deni, 40,000. Vijana walituzunguka wakicheka. Mtu ametaja bei mwenyewe, umemzidishia, kisha unajiandikia deni? Sina hakika kama mimi ningeandika. Mnunuzi hakosi kwa kununua rahisi, na biashara yote ya sokoni husimama juu ya mmoja kujua zaidi ya mwenzake. Lakini Mzee alisema bei anayotaja mtu mwenye mtoto mwenye njaa mgongoni si bei, ni kilio.

Yule mama alipelekwa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huo huo wilayani Kasulu. Kwa hiyo, nilipohamishiwa huko, pamoja na koti langu nilibeba 40,000 za Mzee, ambazo cherehani kilikwisha kuzizalisha chenyewe. Nilipata kibali, nikaenda. Kambi ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya watu, mahema hadi upeo wa macho. Mara ya kwanza sikuambulia kitu. Mara ya pili watu wa kijiji chake waliniambia amefariki kwa homa, na baadhi yao wakanishauri kwa wema kabisa kwamba fedha zile zingefaa kusaidia yatima. Nikazirudisha Ujiji pamoja na habari hizo.

Mzee alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Umeliona kaburi?"

"Hapana, Mzee."

"Basi hujaambiwa kitu."

Nilikwenda tena mwezi uliofuata. Aliyekufa alikuwa mwanamke mwingine wa jina hilo. Wetu nilimkuta mbele ya hema katika kijiji cha upande wa pili wa kambi, anashona sare ya mtoto kwa sindano ya mkono, mshono mdogomdogo ulionyooka kama wa mashine. Hakunikumbuka. Nilipomweleza alihesabu zile noti mara mbili, akazifunga katika pindo la kitenge, akakaa kimya kidogo.

"Na ule papa," akauliza, "angali mzima?"